Risasi Kumi na Tano: Je, Zote Zitatoka?

Somo la redio kwa watu wazima, kama lilivyosomwa

Somo la leo limezaliwa na barua. Kikundi kimoja cha kusikiliza redio, kilichoko Hale katika wilaya ya Korogwe, kinatuarifu kwamba kamati yao ya ushirika imeshauriwa kumwombea mtunza fedha leseni ya bastola. Wameonyeshwa picha za bastola mbili. Moja huchukua risasi 8, ya pili huchukua risasi 15, na bei zake hazipitani sana. Wajumbe wengi wameipenda ile ya 15. Mzee mmoja tu ndiye aliyeuliza, "Je, zote 15 zitatoka?" Wenzake walimcheka kidogo, kisha wakaona afadhali watuandikie.

Mimi naona mzee huyo ameuliza swali lililo kubwa kuliko yote. Bastola si kama gunia, hata tuseme lililo kubwa ndilo bora. Bastola ni mashine, tena ni mashine ya ajabu kidogo, maana hulala mwaka mzima bila kazi, kisha siku moja hutakiwa ifanye kazi kwa sekunde chache tu, labda usiku, mikononi mwa mtu anayetetemeka. Ikikwama wakati huo, mwenye kuishika yu katika hatari kupita mtu asiye na kitu mkononi, kwa sababu amekwisha kuwaonyesha wezi kwamba ana silaha. Basi kabla ya kuhesabu risasi, yatupasa tujue mashine hii yafanyaje kazi, na kwa nini hukwama.

Ziko bastola za namna mbili. Ya kwanza ni rivolva, ambayo maafisa wa Kiingereza walikuwa wakiivaa kiunoni zamani, kama ile iliyoitwa Webley. Risasi zake, mara nyingi 6, hukaa kila moja katika tundu lake ndani ya gurudumu la chuma. Unapovuta kifyatulio, ni nguvu ya kidole chako inayolizungusha gurudumu. Risasi moja ikiwa mbovu, unavuta tena, na tundu la pili linakuja mbele. Risasi mbovu imepita, nawe unaendelea.

Bastola ya magazini ni jambo jingine. Risasi hupangwa ndani ya kikasha cha chuma kiitwacho magazini, nacho huchomekwa ndani ya mpini. Chini ya risasi kuna springi inayozisukuma juu. Ukifyatua, nguvu ile ile ya baruti inayoipeleka risasi mbele hukirudisha nyuma kipande kikubwa cha chuma kilicho juu ya bastola, ambacho mafundi hukiita slaidi. Slaidi ikienda nyuma, ukucha mdogo wa chuma hulivuta ganda tupu, nalo hutupwa nje. Slaidi ikirudi mbele huikumba risasi iliyo juu kabisa katika magazini na kuisukuma ndani ya chemba, tayari kwa mfyatuo wa pili. Mambo yote hayo hutendeka kwa muda ulio mfupi kuliko kupepesa jicho.

Hapo ndipo penye siri ya somo letu. Bastola hii hujilisha yenyewe, na chakula chake ni nguvu ya risasi iliyotangulia. Risasi moja isipolipuka, slaidi haiendi popote. Risasi zote zilizobaki ndani, ziwe 3 au ziwe 14, hazina maana mpaka mtu aitoe ile mbovu kwa mkono wake.

Bastola ya kwanza ya namna hii yenye risasi nyingi kuenea sana duniani ilianzwa na Mmarekani John Browning, aliyefariki mwaka 1926, ikamalizwa na fundi wa Kibelgiji Dieudonné Saive, ikatoka kiwandani mwaka 1935. Ilichukua risasi 13 za kipenyo cha milimita 9, wakati bastola nyingi za siku zile zilichukua 7 au 8. Majeshi mengi ya Jumuiya ya Madola yaliitumia kwa miaka mingi, na Waingereza waliichagua nyingine mahali pake mwaka 2013. Baadaye zilifuata ndugu zake wengi. Wale wanaosoma magazeti ya Kenya wamekutana mara nyingi na maneno "bastola aina ya Ceska." Hiyo hutoka kwa Wacheki, nasaba yake ilianza mwaka 1975, na magazini ya kwanza ilichukua risasi 15. Nchi ya Austria ilileta Glock mwaka 1982, yenye mpini wa plastiki na risasi 17.

Je, risasi 15 huwezaje kukaa ndani ya mpini unaoshikika kwa mkono mmoja? Hupangwa katika safu mbili zilizopishana, kama matofali ya ukuta. Lakini mlango wa chemba ni mmoja, kwa hiyo karibu na mdomo wa magazini safu mbili hazina budi kuwa safu moja. Hapo ndipo penye msuguano. Nyinyi watu wa mkonge mmeliona jambo hili kwenye korona. Majani yakilishwa kwa kipimo, mashine huimba vizuri. Yakirundikana mlangoni, mashine hukaba, na kazi yote husimama hata kama toroli nzima ya majani inangoja nje.

Tena kuna suala la uzito. Risasi moja ya milimita 9 ina uzito wa gramu kama 12. Risasi 15 basi ni gramu kama 180. Springi hutakiwa kuuinua mzigo huo wote hatua moja juu, kabla slaidi haijarudi mbele. Springi ikiwa dhaifu, risasi huchelewa, na slaidi hupita juu yake au huigonga ubavuni. Magazini ikiwa imejazwa mpaka haina nafasi hata ya unywele, risasi ya kwanza hubanwa mno, na slaidi hushindwa kuitoa. Kwa sababu hii watu wengi wenye uzoefu huweka risasi 14 penye nafasi ya 15. Nimeona wengine wakisema springi huharibika kwa kukaa imebanwa tu. Springi iliyotengenezwa vizuri huchoshwa zaidi na kubanwa na kuachiwa mara nyingi, na kubanwa kupita kiasi, kuliko kukaa kimya. Hata hivyo springi ni kitu cha kubadilishwa, kama mpira wa baiskeli, wala bei yake si kubwa.

Nanyi mtakumbuka pia midomo miwili ya magazini, ile kingo ya chuma iliyopindwa juu inayozizuia risasi zisiruke nje. Magazini ikianguka kwenye sakafu ya saruji, midomo hiyo yaweza kupinda kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na tangu siku hiyo risasi huingia kombo. Mwenye bastola hulaumu bastola, na kumbe bastola haina kosa lolote. Ndiyo maana namshauri kila mwenye magazini mbili au tatu aziandike namba kwa rangi. Bastola ikikwama, atazame ni namba ngapi. Ikiwa kila mara ni namba 2, basi namba 2 iwekwe kando.

Sasa natoka kidogo kwenye bastola, lakini sitoki mbali na Hale. Twende kaskazini ya Tanga, katika ghuba ya Manza, mwezi Aprili mwaka 1915. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imefika nchini. Meli ya Kijerumani iliyoitwa Rubens ilikuja kwa siri, imejigeuza kuwa meli ya Kidenmark, ikiwaletea Wajerumani makaa ya mawe, bunduki na risasi. Manowari ya Kiingereza Hyacinth iliikuta, ikaifukuza mpaka ghubani na kuipiga. Waingereza walidhani imekwisha. Wajerumani pamoja na askari na vibarua wao walirudi wakaopoa shehena kwa taabu kubwa, wakapata bunduki na risasi nyingi sana.

Lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Kwa macho zilikuwa risasi kamili: ganda la shaba, kichwa chake, kila kitu mahali pake. Zikipigwa, nyingine hulia na nyingine hunyamaza. Basi zilipelekwa bara, na huko Moshi, uliokuwa wakati ule mwisho wa reli hii ipitayo Korogwe, watu walikaa miezi wakizifungua moja moja, wakiisafisha baruti, wakibadilisha fataki pale ilipowezekana, na kuzifunga tena. Jemadari wao, Lettow-Vorbeck, aliyaandika mambo haya baada ya vita. Risasi ambazo hazikuguswa na maji ziliwekwa kwa ajili ya bunduki za mzinga, yaani zile zipigazo mfululizo. Zilizotengenezwa upya walipewa wenye bunduki za mkono, na zilizokuwa mbaya kabisa zilitumika kwa mazoezi.

Tafadhali litafakari jambo hilo. Kwa nini risasi bora hawakupewa wale wenye bunduki za mkono, ambao walikuwa wengi zaidi? Ni kwa sababu mwenye bunduki ya mkono huvuta komeo kwa mkono wake. Risasi mbovu huitupa, akaendelea. Bunduki ipigayo mfululizo hujilisha yenyewe, na risasi moja mbovu huisimamisha yote. Kadiri silaha inavyojilisha yenyewe, ndivyo inavyodai kila risasi iwe njema. Bastola ya risasi 15 iko upande wa bunduki ile ya mfululizo. Mtu anayeinunua kwa bei kubwa, kisha akaitilia risasi zilizokaa miaka kumi kwenye mtoto wa meza, amefanya kinyume cha wale wa Moshi.

Sasa tuingie katika hesabu, nayo si ngumu, chukua kalamu. Tuseme bastola fulani hukwama mara 1 katika risasi 100. Wengi watasema hiyo ni bastola nzuri, maana 99 zimetoka. Haya, ijaze risasi 15 na uzipige zote. Ukifanya hivyo kwa magazini 100, magazini kama 86 zitamalizika salama, na 14 zitakwama mahali fulani kabla ya kwisha. Yaani karibu katika kila magazini 7 moja itakukwamia. Je, ungelipanda basi la kwenda Tanga ambalo huharibika njiani mara moja katika safari 7? Kwa magazini ya risasi 8, bastola ile ile ingekwama katika magazini kama 8 kwa 100. Lakini bastola inayokwama mara 1 tu katika risasi 1,000, hata ukiipa risasi 15, utakwama kama mara 15 katika magazini 1,000.

Hapo msinielewe vibaya. Hesabu hii haisemi kwamba magazini kubwa ni mbaya. Risasi ya kumi haijui imo katika magazini kubwa au katika ndogo ya pili. Hesabu inasema kwamba lililo muhimu ni ile 1 kwa 100 au 1 kwa 1,000, wala si 8 au 15. Na namba hiyo haiandikwi kwenye picha ya dukani. Huijui mpaka umeipiga bastola ile yenyewe, kwa magazini zile zenyewe, na kwa risasi za aina ile ile utakayoitumia.

Walimu wengi wa shabaha hupendekeza risasi 200 au zaidi bila kukwama kabla mtu hajaiamini bastola yake. Najua kwetu jambo hili ni zito. Risasi ni ghali, na huwezi kununua upendavyo kama unavyonunua misumari. Lakini kamati inapopanga bei, gharama ya risasi za kujaribia na ya siku za mazoezi mahali palipoidhinishwa iingizwe katika hesabu tangu mwanzo. Ikiwa fedha hazitoshi kununua bastola na kuijaribu, basi hazitoshi kununua bastola. Hayo ni maoni yangu, na sioni njia ya kuyalegeza.

Katika majaribio hayo liangaliwe pia umbo la kichwa cha risasi. Bastola nyingi za zamani, na ile ya mwaka 1935 ni mojawapo, zilifanywa kwa risasi zenye kichwa cha mviringo. Ukizipa risasi zenye kichwa kilichokatwa au chenye shimo, baadhi yake hujikwaa mlangoni mwa chemba. Muuzaji atakuambia zote ni za milimita 9, na maneno yake ni kweli, lakini bastola itakataa.

Jambo jingine ambalo watu hulisahau ni mkono wa mpigaji. Slaidi hurudi nyuma vizuri ikiwa mpini umeshikwa imara. Kifundo cha mkono kikilegea, bastola yote hurudi nyuma pamoja na slaidi, nguvu hupotea, na ganda tupu husimama mlangoni kama bomba la moshi. Bastola ile ile mikononi mwa mwalimu hupiga 200 bila kosa, na mikononi mwa mtunza fedha aliyeshika mara moja tu maishani hukwama ya tatu. Basi atakayeibeba ndiye aijaribu. Akiwa kwenye uwanja wa mazoezi, avute kifyatulio isilie, asiigeuze kuitazama. Aielekeze mbele penye usalama na kungoja kama nusu dakika, kwa sababu fataki nyingine huchelewa, ndipo aitoe ile risasi.

Sasa hali ya hewa ya kwetu. Hale iko chini, karibu na Mto Pangani, pana joto na unyevu. Masika huleta ukungu wa kutu juu ya kila chuma; kiangazi huleta vumbi jekundu la barabara za mashamba. Jasho la kiunoni lina chumvi. Mpini wa plastiki hautashika kutu, lakini springi, pini na slaidi ni chuma vilevile. Mfuko wa ngozi ni mzuri wa kubebea mchana, lakini haufai kulazia silaha, maana ngozi hushika unyevu, na shaba ya risasi huota kutu ya kijani. Wengine wakiona kutu humwaga mafuta mpaka yanachuruzika. Hilo nalo ni kosa. Mafuta mengi hushika vumbi na kuwa kama ugoro uliolowa, na ndani ya magazini yaweza kupenya mpaka kwenye fataki na kuiua. Futa, paka kidogo, futa tena. Ndani ya magazini hapapakwi kitu. Hufutwa kwa kitambaa kikavu.

Kuhusu vumbi uko mfano mkubwa wa siku za karibu. Katika vita ya Iraki iliyoanza mwaka 2003, askari wa Marekani walibeba bastola ya Beretta iliyoitwa M9, ya risasi 15, bastola ambayo ilikuwa imeshinda majaribio makali. Huko jangwani ilianza kukwama. Walipochunguza waliona kwamba magazini nyingi zilizonunuliwa kwa ajili ya jeshi zilikuwa zimepakwa dawa ya kuzuia kutu iliyo nzito na ya kukwaruza. Mchanga mwembamba kama unga ulishikana na dawa hiyo, springi ikashindwa kuinua risasi. Baadaye zilifanywa magazini zenye ngozi laini, na taabu ikapungua. Jeshi tajiri kuliko yote duniani lilikwamishwa na kikasha cha bei ndogo. Basi ukiambiwa kwamba kuna magazini za bei nafuu "zinazoingia sawasawa" katika bastola yako, kumbuka mchanga wa Iraki, nunua zile za mwenye kuitengeneza bastola.

Kamati ikiniuliza nichague ipi, nitajibu hivi. Nichague ile ambayo mtunza fedha ameipiga kwa mkono wake risasi 200 bila kukwama, na ambayo springi na magazini zake zitapatikana tena baada ya miaka mitano. Ikiwa ni ya 15, vema. Ikiwa ni ya 8, vema pia. Lakini ikiwa mojawapo imekwama mara mbili katika majaribio na muuzaji anasema "itazoea," mwachieni aizoeze yeye.

Na kwa kuwa nimeulizwa, nitaongeza neno la pembeni ambalo hamkuuliza. Siku hizi malipo mengi hupita benki na kwenye simu. Ushirika unaoweza kupunguza fedha taslimu zinazolala ofisini umepunguza sababu ya kuvamiwa, na hauhitaji springi wala mafuta. Hesabuni kwanza ni shilingi ngapi hasa hulala pale usiku.

Kama mtaendelea, msianze dukani. Nchini Tanzania silaha za raia huongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na maombi hupitia Jeshi la Polisi. Kuwa na bastola au risasi bila leseni ni kosa la jinai, na leseni ya mtu mmoja haimfuniki mwenzake anayemshikia zamu. Mtunza fedha akienda likizo, bastola haibaki kwa karani. Waulizeni polisi mapema ni mahali gani pa kuihifadhi, na ni risasi ngapi mtaruhusiwa, kwa kuwa jibu hilo ndilo litakalowaambia kama majaribio niliyoyataja yanawezekana. Na zile risasi zilizolowa, au zilizoota kutu ya kijani, au zilizopigwa zisilie, msizitupe chooni wala mtoni Pangani. Zipelekeni kituoni, zihesabiwe mbele yenu na ziandikwe.